Mizani Haisemi Yote

Siku askari anapoandikishwa kazini hupandishwa juu ya mizani, kilo zake zikaandikwa, naye tangu hapo huamini kwamba kilo hizo ndizo afya yake. Leo twapenda kuwakumbusha ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi, walioko Arua, Koboko na kwingineko, kwamba mizani hutaja uzito tu. Haitaji kama uzito huo ni wa misuli au wa mafuta. Kwa mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana, tofauti hiyo ni kubwa.

Zamani ugonjwa huu ulikuwa haba vijijini kwetu. Daktari Denis Burkitt, aliyepata kuwa daktari wa jeshi la Uingereza kabla ya kuja Uganda mwaka 1946, alifanya kazi kwa ushirikiano na Daktari Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, karibu na Arua. Mwaka 1961 walisafiri pamoja kwa gari kilomita 16,000 hivi, wakichunguza uvimbe wa taya za watoto. Miaka kumi baadaye, Burkitt aliandika kwamba saratani ya utumbo ilikuwa adimu kwa wanavijiji wa Afrika kwa kuwa chakula chao kilikuwa na nyuzinyuzi nyingi. Lakini mambo hubadilika: rejista ya saratani ya Kampala imeonyesha kwamba ugonjwa huu umekuwa ukiongezeka.

Tuwafikirie askari wawili wa kimo kimoja, kila mmoja ana kilo 80. Wa kwanza ana misuli imara. Wa pili aliacha mazoezi zamani. Mapaja yamesinyaa na tumbo limetangulia. Wote wawili wanapasuliwa: daktari anaondoa sehemu ya utumbo yenye uvimbe, kisha anaziunganisha ncha mbili zilizobaki. Kwa yule wa pili, mafuta yaliyouzunguka utumbo humzibia daktari njia, kazi ikarefuka. Kidonda chake huoza kwa urahisi zaidi, na hatari ya maungio kuvuja, uchafu ukamwagika tumboni, huzidi. Tena misuli ni ghala la mwili: kidonda kinapopona, mwili huchota humo. Ghala likiwa tupu, mgonjwa hukosa nguvu za kukohoa na kuinuka, nimonia ikamwingia.

Katika hospitali kubwa madaktari hupima misuli kwa picha ya mashine, usawa wa pingili ya tatu ya kiuno. Lakini hata kambini kuna kipimo chepesi. Keti kitini, kunja mikono kifuani, kisha inuka na kuketi mara tano. Ukipita sekunde 15, yafaa umweleze mganga.

Hapana budi pia tuseme juu ya ukawiaji. Wengi wakiona damu chooni husema ni bawasiri, wakanyamaza. Damu hiyo, au choo kilichobadilika kwa majuma kadhaa, au kukonda bila sababu, ni jambo la kupeleka hospitali, Koboko au Arua, mara moja. Kila mwezi unaopotea, ugonjwa hula misuli ile ile itakayohitajika siku ya upasuaji.

Na aliyekwisha ambiwa atapasuliwa, asidhani siku za kungoja ni za kulala. Wala asijinyime chakula ili kupunguza tumbo, kwani misuli ndiyo itakayopungua. Ale maharagwe, njugu, samaki na mayai kadiri daktari atakavyomruhusu. Atembee kila siku. Aache sigara angalau majuma manne kabla. Na kama damu yake ni pungufu, atibiwe kwanza. Baada ya upasuaji, akiamriwa ashuke kitandani, na ashuke, ijapokuwa kwa maumivu.

Ndugu askari, hakuna aendaye vitani bila matayarisho. Chumba cha upasuaji nacho chataka matayarisho yake, na mengi ya hayo yamo mikononi mwenu.