Kubana Si Kukaa

Januari ya mwaka jana, jua la kiangazi likiwa limepamba moto, nilikwenda Keko, Dar es Salaam, kumwona fundi aliyekuwa akinitengenezea meza ya kuandikia. Nilimkuta ameinama juu ya mguu wa meza, patasi mkononi. Alikwangua kidogo ndani ya tundu, akapuliza unga wa mbao, akachomeka ulimi wa mbao ya ubavuni, akauchomoa, akakwangua tena. Mara ya tatu aligonga kwa nyundo ya mti, ko, ko, akaupapasa ule mwungano kwa kidole gumba na kusema neno moja: “Imekaa.”

Nikamuuliza kwa nini asiuache ulimi ule uwe mnene kidogo, uingie kwa nguvu, ushike zaidi. Akacheka. “Bosi wangu, ukiulazimisha, mguu utapasuka. Wala hautapasuka hapa kwangu. Utapasukia kwako, usiku, watu wamelala.”

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyasikiliza kwa makini maneno ya mafundi. Kitu kikiingia kwa shida, husema kimebana. Kikiwa kilegevu, kinacheza. Kikiwa mahali pake barabara, kimekaa. Neno hilo la tatu ndilo tunalomwambia mgeni akishakaribishwa ndani, na ndilo tunalolitumia tukimsifu mtu kwamba shati limemkaa. Shati lililomkaa mtu halimbani kwapani. Lina nafasi ya mkono kuinuka.

Nafasi hiyo ndogo, inayoachwa kwa makusudi, ndiyo siri ya vitu vingi vinavyoshikana vizuri majumbani mwetu. Wengi tunadhani kitu hushika kwa sababu kimekazwa. Ukivichunguza vitu vilivyodumu, utakuta aliyevitengeneza alihangaika zaidi kujua aache kiasi gani.

Jembe na maji

Tuanze shambani. Chukua jembe lile lenye pete ya chuma ya kupitishia mpini. Mpini wake ni mwembamba upande wa kushikia na mnene upande wa pili. Jembe huvishwa kuanzia ncha nyembamba, likateremka hadi linapokutana na kichwa kinene, likakwama hapo. Kila mkulima anapoliinua na kulishusha, uzito wa chuma hulivuta jembe kuelekea nje, yaani kuelekea kwenye unene. Kazi ya kulima ndiyo inayolikaza. Hakuna msumari wala gundi.

Kiangazi kikikolea, mti hukauka na kusinyaa, jembe likaanza kucheza. Dawa yake kila mtoto wa mkulima anaijua: litie kwenye ndoo ya maji jioni, asubuhi utalikuta limekaza. Mti hunywa maji na kuvimba kwa upana wake, ingawa kwa urefu hauongezeki kitu cha kuonekana. Mkulima mzoefu, hata hivyo, anajua kwamba dawa hiyo ni ya mkopo. Mti uliovimba ndani ya pete ya chuma hauna pa kwenda, hivyo nyuzi zake hujiponda zenyewe. Ukikauka tena, unakuwa mwembamba kuliko jana. Loweka, kausha, loweka, kausha, mwisho unatafuta kabari ya kuchomeka au mti wa kuchonga mpini mpya. Kubana kumeula mpini.

Kitanda cha kuwambwa

Kwa bibi yangu kulikuwa na kitanda cha kamba ambacho kilikuwa na umri mkubwa kuliko mama yangu. Kina matendegu manne yaliyotobolewa matundu, mifumbati miwili ya ubavuni, na vitakizo viwili, cha kichwani na cha miguuni. Ncha za mifumbati na vitakizo zinaingia kwenye matundu ya matendegu, basi. Ukikiacha hivyo, mtoto wa miaka mitano anaweza kukibomoa kwa teke moja.

Kinachokisimamisha ni kamba. Mwambaji huizungusha na kuisuka kutoka mfumbati hadi mfumbati, kitakizo hadi kitakizo, na kadiri kamba inavyokazwa ndivyo inavyoivuta miti yote minne kuelekea katikati na kuzisukuma ncha zake ndani ya matundu. Pa kulalia na kiungo ni kitu kimoja. Mtu akilala, uzito wake unaongeza mvuto wa kamba. Kamba ikilegea baada ya miezi, inavutwa upya na kitanda kinarudia ujana.

Nafasi za kwenye matundu yale zina gharama yake, na wahenga waliijua. Methali ya kitanda usichokilala kuwa hujui kunguni wake haikutoka hewani: kunguni hukaa kwenye matundu ya matendegu, palepale mti unapokutana na mti. Hata hivyo kitanda kinachoungika bila msumari hufunguka bila msumari. Bibi alikuwa akikitoa uani, akikifungua kipande kwa kipande, akimwagia matundu maji ya moto na kuvianika vyote juani. Magharibi kimewambwa upya.

Nililikumbuka jambo hilo nilipoingia mjini na kununua kabati la kisasa dukani, lile linalokuja ndani ya maboksi. Mbao zake ni unga wa mti ulioshindiliwa kwa gundi, na viungo vyake ni skrubu. Siku ya kwanza lilisimama kama askari wa gwaride. Nikahama nyumba mara moja, nikalifungua na kulifunga tena. Nikahama mara ya pili, skrubu zikawa zinazunguka tu bila kushika, kama kijiko kwenye uji. Skrubu hujichongea njia yake kwa kula mbao. Kwenye mti wenye nyuzi, njia hiyo hustahimili. Kwenye unga ulioshindiliwa, kila unapofungua unaondoka na punje kadhaa, na shimo halirudi lilivyokuwa. Kabati lile sasa limeegemea ukuta, na ukuta ndio unaolishika.

Kazi ya mfaa

Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, unapigwa picha sana kwa milango yake. Mgeni hutazama nakshi na vichwa vya shaba. Mimi nakuomba siku moja utazame namna mlango wenyewe unavyokaa.

Mlango wa kale wa Kiswahili una mabawa mawili mazito, na mengi ya mabawa hayo hayakuning’inizwa kwa bawaba. Kila bawa lina kijiti kinene kilichobakizwa juu na chini kwenye pembe yake. Cha juu kinaingia kwenye tundu la kizingiti cha juu, cha chini kinaingia kwenye tundu la kizingiti cha chini, na bawa linazunguka hapo kama mtu anayegeuka kisigino. Uzito wote unashuka chini, ardhini. Bawaba yenye skrubu ubavuni ingekuwa inavutwa nje mchana na usiku na mlango mzito kiasi kile.

Katikati, mabawa yanapokutana, ndipo penye werevu zaidi. Hewa ya visiwani ina unyevu, na mbao huvimba masika na kusinyaa kaskazi. Seremala angelinganisha kingo mbili zigusane barabara wakati wa kaskazi, masika mlango usingefunguka. Kwa hiyo aliacha ufa. Kisha akaweka mfaa, ule mti wa wima uliochongwa kwa nakshi, akaupigilia kwenye bawa moja tu, ukalala juu ya ukingo wa bawa la pili. Ufa uko pale pale, unapanuka na kusinyaa kwa majira yake, ila mpita njia haoni ndani na mvua haiingii.

Mfaa huo pia umeweka utaratibu. Kwa kuwa mlango hufunguka kwa ndani na mfaa uko nje, bawa lisilo na mfaa ndilo linaloweza kufunguka kwanza. Bawa lenye mfaa haliwezi kutangulia, kwa sababu mfaa wake utagonga mwenzake. Ukilikomea bawa la kwanza kwa ndani, umeufunga mlango mzima.

Vyombo vilivyoshonwa

Pwani yetu ilikuwa na ufundi mwingine wa kuunga ambao leo umebaki kwenye vitabu na mifano ya makumbusho. Mtepe, chombo kilichohusishwa sana na Wabajuni na visiwa vya Lamu, haukupigiliwa misumari. Ulishonwa. Mafundi walipanga mbao ukingo kwa ukingo, wakazipitishia vigingi vya mti, wakatoboa matundu kandokando ya mwungano, wakashona kwa kamba ya usumba wa nazi. Kila tundu likazibwa kwa kijiti kilichogongwa ndani, ambacho kilifanya kazi mbili: kuikaza kamba isirudi nyuma, na kuyazuia maji.

Ufundi huu ni wa kale sana. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinautaja mji wa biashara wa pwani hii uitwao Rhapta, na kinaeleza kwamba jina hilo limetokana na vyombo vyake vya kushonwa. Miaka ipatayo 1,400 baadaye, mwaka 1498, watu wa Vasco da Gama walipofika Msumbiji, nao waliandika habari za vyombo visivyo na misumari, mbao zake zikiwa zimefungwa kwa kamba.

Walioshona hawakuwa watu wasioujua msumari. Chombo cha pwani kilipandishwa mchangani maji yakitoka, kikaburuzwa, kikagonga mwamba wa matumbawe. Chombo kilichoshonwa hujipinda kikipata pigo, kamba ikanyumbuka, mbao zikasogea kidogo na kurudi. Kilichopigiliwa kwa ugumu hupokea pigo lote mahali pamoja. Bei ya wepesi huo ilikuwa maji: mtepe ulivuja, mabaharia wakafua maji safari nzima, na kamba zilihitaji kubadilishwa zilipochoka. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtepe ulikuwa unatoweka, jahazi la misumari likashika bahari. Lakini hata jahazi halikuiacha nafasi. Waundaji wake hushindilia pamba kati ya ubao na ubao, ndiyo kalafati, na mbao zikilowa baharini huvimba na kuibana pamba hiyo mpaka maji yakose njia.

Mlio wa reli

Msomaji atasema hayo ni mambo ya mbao, chuma ni chuma. Basi na apande gari moshi la reli ya zamani, ile ya kati, ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Ule mlio wa tatak-tatak uliotubembeleza usiku kucha ni mlio wa gurudumu likivuka nafasi kati ya kipande kimoja cha reli na kingine.

Chuma cha reli cha mita 12, kikipata joto kutoka nyuzi 20 za alfajiri hadi nyuzi 50 juani mchana, hurefuka kwa takriban milimita 4. Ni kidogo, mtu anaweza kukipuuza. Kwenye kilomita moja, hata hivyo, ni takriban sentimita 35, na zisipopata pa kwenda reli itajipinda ubavuni kama nyoka. Ndiyo maana vipande viliachiwa nafasi, na vile vyuma bapa vinavyoviunga viwili viwili vina matundu makubwa kidogo kuliko bolti zake.

Reli za kisasa huchomelewa zikawa kipande kimoja kirefu, na mlio umetoweka. Joto halikutoweka. Chuma bado kinataka kurefuka; kinazuiwa na vibanio, mataruma mazito ya zege na kokoto zilizoshindiliwa, kikabaki na nguvu kubwa ndani yake. Kimya tunachokisikia kwenye treni mpya kinalipiwa na mataruma usiku na mchana, na wakaguzi hawawezi kusahau kuyatazama.

Chanda na pete

Wazee walipotaka kuwasifu marafiki walioshibana, walisema wako kama chanda na pete. Tazama kidole chako. Kifundo ni kinene kuliko pale pete inapokaa, kwa hiyo pete inayoweza kuvuka kifundo lazima ibaki na nafasi ikishafika mahali pake. Inazunguka, inasogea, na haianguki. Pete isiyozunguka huenda ikaishia kukatwa hospitalini.

Meza yangu ililetwa nyumbani mwisho wa Januari ile. Niliipenda, ila mtoto wa meza alikuwa anacheza. Ukimvuta anapanda na kushuka, na ungeweza kupitisha shilingi juu yake. Nikampigia fundi simu kulalamika. Hakubishana nami. “Bosi wangu, usinilipe ile iliyobaki. Utanilipa Aprili.”

Masika ilikuja na mvua zake. Mlango wa jikoni ukaanza kukwama, dirisha la chumbani likagoma kabisa. Jumamosi moja ya Aprili nilikaa mezani kutafuta kalamu, nikamvuta mtoto wa meza. Alitoka moja kwa moja, bila kuyumba, bila kukwaruza, na nilipomrudisha alisukuma hewa ya ndani ikatoka kwa pumzi ndogo. Nikachukua simu nikamtumia fundi pesa yake.