Sony BMG, 2004–2008: Ubia katika Biashara ya Santuri

Kiswahili kina maneno mawili ambayo wafasiri wa habari za biashara huyachanganya mara kwa mara: muungano na ubia. Makampuni mawili yanapoungana, ama yote mawili hutoweka na kuzaa la tatu, ama moja humeza jingine. Kwa vyovyote, mwishowe hubaki mwenye mali mmoja. Katika ubia hali ni nyingine. Wabia hubaki wawili, kila mmoja na mali yake, madeni yake na nyumba yake. Wanachokiweka pamoja ni sehemu tu ya shughuli zao, na sehemu hiyo hupewa jina, ofisi na mkurugenzi. Sony BMG, iliyoanza kazi mwezi Agosti 2004, mara nyingi huitwa muungano. Kosa hilo si dogo, kwani mambo yaliyoipata kampuni hiyo katika miaka yake minne hayaeleweki sawasawa bila kukumbuka kwamba tangu siku ya kwanza ilikuwa na mabwana wawili waliolingana kwa hisa, asilimia 50 kwa 50.

Mabwana hao hawakuanza kama wenye muziki. Bertelsmann ilianzishwa mwaka 1835 katika mji mdogo wa Gütersloh, Ujerumani, na mchapaji Carl Bertelsmann, ambaye alichapa vitabu vya nyimbo na mafundisho ya dini. Sony ilizaliwa Tokyo mwaka 1946, ikajulikana kwa redio na vinasa sauti. Inastahili kuzingatiwa jinsi kila mmoja alivyoingia katika santuri. Mwaka 1968 Sony ilifanya ubia wa nusu kwa nusu na kampuni ya Kimarekani ya CBS ili kuuza muziki nchini Japani. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1988, Sony ikainunua idara yote ya santuri ya CBS kwa dola bilioni 2, na pamoja nayo jina kongwe la Columbia. Bertelsmann nayo ilikuwa na kampuni yake ya santuri, Ariola, tangu mwaka 1958. Mwaka 1985 iliingia ubia na RCA ya Marekani. Mwaka uliofuata RCA yenyewe iliponunuliwa na General Electric, Bertelsmann ilichukua upande wa santuri wote, na mwaka 1987 ikauita BMG. Katika visa vyote viwili, basi, ubia ulikuwa ngazi tu: aliyekaribishwa kama mshirika aliishia kuwa mwenye nyumba. Waliotia saini mwaka 2003 hawakuwa wageni wa mchezo huo.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake mwenyewe ya kuifuata historia hii. Mwaka 1965 RCA ilitoa santuri ya Harry Belafonte na Miriam Makeba, ambamo Makeba aliimba «Malaika». Santuri hiyo ilipata tuzo ya Grammy mwaka 1966, na kwa wasikilizaji wengi wa Ulaya na Marekani ndiyo iliyowasikilizisha Kiswahili kwa mara ya kwanza. Wimbo wenyewe ulikuwa umekwisha kurekodiwa Nairobi na Fadhili William, na suala la nani aliyeutunga limegombewa kwa miaka mingi. Hilo ni shauri jingine. Lililo hapa ni kwamba sauti ya Makeba iliyonaswa na RCA ilikuwa mali inayohamishika. Ilitoka mkononi mwa RCA ikaenda kwa BMG, ikaingia katika ubia wa 2004, bila mwimbaji kuulizwa lolote. Ndivyo sheria ya santuri ilivyo: aliyegharimia unasaji ndiye mwenye mkanda, na mkanda huuzwa pamoja na kampuni kama vile shamba linavyouzwa pamoja na minazi yake.

Sababu ya kuingia ubia ilikuwa hofu. Tangu mwaka 1999, programu ya Napster iliwawezesha watu kupeana nyimbo kwa intaneti bila malipo, na mauzo ya CD yakaanza kushuka. Makampuni makubwa matano yaliyokuwapo wakati huo, yaani Universal, EMI, Warner, Sony na BMG, yaliishtaki Napster. Hapo Bertelsmann ilifanya jambo la ajabu: mwezi Oktoba 2000, wakati kampuni yake ya BMG ikiwa miongoni mwa washtaki, Bertelsmann yenyewe ilikubali kuikopesha Napster fedha, kwa matumaini ya kuigeuza duka la halali. Matumaini hayo hayakutimia. Napster ilifungwa mwaka 2001, na baadaye Bertelsmann ikashtakiwa na makampuni mengine kwa kumlisha mwizi. Mwaka 2006 iliilipa Universal dola milioni 60 ili kesi yake imalizwe. Njia iliyobaki ilikuwa kupunguza gharama: ofisi moja badala ya mbili katika kila nchi na wafanyakazi wachache zaidi.

Mambo yaliyotiwa ndani ya ubia yalikuwa machache kuliko jina lilivyodokeza. Zilitiwa haki za mikanda iliyorekodiwa na mikataba ya wasanii. Viwanda vya kutengenezea CD viliachwa nje. Biashara ya Sony nchini Japani, iliyokuwa na faida kubwa, iliachwa nje pia. Na haki za utunzi, yaani maneno na tuni ambazo hulipiwa kila wimbo unapopigwa hata ukiimbwa na mtu mwingine, kila mbia alibaki nazo nyumbani kwake. Kwa ufupi, wabia waliweka pamoja kile kilichokuwa kikipungua thamani na kuficha kile ambacho bado kilinona. Huo si ulaghai. Ndio ubia wenyewe. Lakini unaonyesha kiasi cha kuaminiana kwao.

Kabla ya kuanza ilihitajika idhini ya Tume ya Ulaya huko Brussels, ambayo husimamia ushindani katika soko. Hoja ya kisheria iliyojadiliwa ni ngumu kidogo, ila ndiyo kiini cha kesi yote. Kampuni moja ikitawala soko peke yake, sheria huizuia kwa urahisi. Je, makampuni manne yakilitawala kwa pamoja bila mapatano yoyote ya siri? Hebu tuchukue soko la mji ambamo wauzaji wa unga ni wanne tu. Hawahitaji kukutana usiku. Inatosha kila mmoja aone bei ya mwenzake ubaoni, na ajue kwamba akishusha ya kwake leo, kesho wote watashusha na hakuna atakayefaidi. Bei itabaki juu yenyewe. Lakini sharti mbao zionekane: kama kila muuzaji humnong'oneza mteja wake punguzo la pembeni, basi hakuna anayejua bei halisi ya mwenzake, na mapatano hayo ya kimya hayawezi kudumu. Swali la Brussels lilikuwa hili: bei za CD zilikuwa wazi kiasi gani?

Mwezi Mei 2004 watumishi wa Tume waliwaandikia wabia kwamba zilikuwa wazi vya kutosha na kwamba ubia ungeongeza utawala wa pamoja wa soko. Tarehe 19 Julai, chini ya miezi miwili baadaye, Tume ile ile iliuidhinisha ubia bila sharti hata moja, ikieleza kwamba mapunguzo waliyopewa wauza maduka yalizifanya bei zisionekane vema. Mgeuko huo uliwakasirisha watu wa makampuni madogo. Chama chao, Impala, kilichoanzishwa mwaka 2000 na kuwakilisha makampuni huru ya muziki yapatayo 2,500, kilikwenda mahakamani mwezi Desemba.

Wakati kesi ikisubiri, Sony BMG ilijiletea balaa kwa mikono yake. Mwezi Julai 2005 ilikubali kulipa dola milioni 10 katika jimbo la New York, baada ya mwanasheria mkuu wa huko, Eliot Spitzer, kuichunguza kwa kuwahonga watangazaji wa redio wapige nyimbo zake. Hilo lilikuwa kosa la kizee, lijulikanalo tangu zama za santuri za nta. La pili lilikuwa jipya kabisa. Tarehe 31 Oktoba 2005 mtaalamu wa kompyuta, Mark Russinovich, alitangaza kwamba amegundua ndani ya kompyuta yake programu iliyojificha, na kwamba ilitoka katika CD ya muziki aliyoinunua kwa fedha zake. Programu hiyo, iitwayo XCP, ilitengenezwa na kampuni ya Uingereza kwa ajili ya Sony BMG ili kuwazuia wanunuzi wasinakili nyimbo. Ilijipenyeza ndani ya mfumo wa kompyuta, kisha ikauamuru mfumo usimwonyeshe mwenye kompyuta faili lolote ambalo jina lake lilianza kwa alama fulani. Hatari ilikuwa hapo. Mlango huo wa giza ulikuwa wazi kwa yeyote: mwandishi wa virusi alihitaji tu kulipa faili lake jina lenye alama hiyo, nalo likatoweka machoni pa mwenye kompyuta na pa programu za kinga. Siku chache baadaye virusi vya namna hiyo vilionekana. Kiondoaji ambacho kampuni ilikitoa kwa haraka nacho kilikutwa kikifungua tundu jingine.

CD za majina yapatayo 52 ziliondolewa madukani mwezi Novemba. Kesi zikafuata katika majimbo mengi ya Marekani, na mwezi Januari 2007 kampuni ikakubaliana na Tume ya Biashara ya nchi hiyo kuwalipa hadi dola 150 wale ambao kompyuta zao ziliharibika. Kilichoumiza zaidi si fidia hiyo. Aliyenakili nyimbo kwa wizi katika intaneti hakupata madhara yoyote; aliyedhurika ni yule aliyekwenda dukani na kulipa. Kampuni ya muziki haiwezi kuwafundisha wateja wake somo baya zaidi ya hilo.

Ndani ya nyumba, methali ya mafahali wawili na zizi moja ilikuwa ikitimia. Kwa mujibu wa mkataba, Sony ilimtoa mkurugenzi mkuu, Andrew Lack, aliyetoka katika televisheni, na Bertelsmann ikamtoa mwenyekiti wa bodi, Rolf Schmidt-Holtz. Upande wa Wajerumani haukuridhika na uongozi wa Lack. Kwa kuwa hakuna mbia aliyekuwa na hisa za kumshinda mwenzake kwa kura, suluhu iliyopatikana mwezi Februari 2006 ilikuwa kubadilishana viti: Lack akawa mwenyekiti na Schmidt-Holtz mkurugenzi mkuu.

Mwaka huo huo Bertelsmann ilikuwa na shida nyingine, isiyohusiana na muziki hata kidogo. Groupe Bruxelles Lambert ya Ubelgiji ilimiliki asilimia 25.1 ya Bertelsmann na ilikuwa na haki ya kuziuza hisa hizo hadharani. Jamii ya Mohn, yenye Bertelsmann, haikutaka kampuni iingie katika soko la hisa. Ikazinunua tena kwa euro bilioni 4.5. Fedha hizo zilikuwa za mkopo, na mkopo ulidai. Haki za utunzi ambazo Bertelsmann ilizihifadhi kwa uangalifu mwaka 2004 ziliuzwa kwa Universal kwa zaidi ya euro bilioni 1.6. Tangu hapo nusu ya Sony BMG ilikuwa kama mlango uliobaki katika nyumba iliyokwisha kuhamwa.

Tarehe 13 Julai 2006 Mahakama ya Awali mjini Luxembourg iliitengua idhini ya Tume, ikisema kwamba sababu zilizotolewa hazikutosha na kwamba tathmini ya uwazi wa bei ilikuwa na makosa ya dhahiri. Ubia ukawa katika hali ambayo wanafunzi wa sheria hawaikuti mara nyingi: kampuni ilikuwa hai, inauza, inalipa mishahara, ilhali ruhusa ya kuzaliwa kwake imefutwa. Tume iliuchunguza upya na kuuidhinisha tena tarehe 3 Oktoba 2007. Kisha, tarehe 10 Julai 2008, Mahakama ya Haki, iliyo juu zaidi, iliitengua hukumu ya 2006 na kulirudisha shauri chini, ikieleza miongoni mwa mengine kwamba barua ya Tume ya mwezi Mei 2004 ilikuwa maoni ya muda tu, na Tume haikufungwa nayo.

Ushindi huo haukuwa na wa kuufurahia. Tarehe 5 Agosti 2008 Sony ilitangaza kwamba inainunua nusu ya Bertelsmann katika mapatano yaliyokadiriwa kuwa dola bilioni 1.2, na mwezi Oktoba kampuni ikawa yake peke yake na kuitwa tena Sony Music Entertainment. Bertelsmann ilijibakizia mikanda michache ya Ulaya na herufi tatu za BMG. Kwa hizo ilianza upya na haki za utunzi, na mwaka 2009 ikatafuta mbia: safari hii KKR ya Marekani, iliyochukua asilimia 51. Mwaka 2013 Bertelsmann ilizinunua hisa za KKR zote. Sauti ya Makeba akiimba kwa Kiswahili ilibaki Sony.