MGONGO WA MCHUKUZI NI MALI YA TAIFA

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtu alaye viazi Dar es Salaam huona bei yake na ladha yake. Mgongo uliovibeba hauoni. Lakini kila gunia la viazi na kila tenga la karoti litokalo Rangwi, katika milima ya Usambara, halifiki Mombo ila baada ya mtu kulichukua kwa kichwa au kwa mgongo, kwa sababu mashamba yako miteremkoni na mahali pengi gari haliwezi kufika. Leo twataka kusema juu ya mgongo huo, na hasa sehemu yake ya kati, ambayo maradhi yake hayajulikani sana, na kwa hiyo huweza kutibiwa vibaya.

Uti wa mgongo wa mwanadamu una pingili 7 shingoni, 12 nyuma ya kifua na 5 kiunoni. Baina yake mna visahani vya gegedu, vigumu kwa nje na laini kwa ndani, ambavyo kazi yake ni kupokea uzito na kuuwezesha mgongo kupinda. Kisahani kikipasuka, ule ulaini wa ndani hutokeza nje na huweza kubana mishipa ya fahamu. Aghalabu jambo hili hutokea kiunoni au shingoni. Mgongoni kati ni nadra, kwa kuwa mbavu huzishika pingili zisiyumbe. Katika wagonjwa 100 wa visahani vilivyotokeza hapatikani hata mmoja kamili wa mahali hapo. Lakini uchache huo usitudanganye. Njia ipitayo ugwe mkuu wa fahamu ni nyembamba hapo kuliko kwingine, na kitu kidogo kikitokeza chaweza kuubana ugwe wenyewe.

Dalili zake zajificha. Mgonjwa huumwa baina ya mabega au chini yake, na mara nyingine maumivu humzunguka ubavuni kama mshipi hadi kifuani au tumboni, hata akadhani ni moyo, vidonda vya tumbo au figo. Lakini miguu ikianza kuwa mizito au kukakamaa, mtu akayumba njiani, ganzi ikamshika kutoka kifuani kwenda chini, au akashindwa kuzuia mkojo na choo, hiyo ni hatari kubwa. Mtu huyo asingoje siku ya soko ipite. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Sasa yako matibabu yaitwayo kiropraktiki, ambayo sifa zake zafika hata vijijini kwa njia ya simu za mkononi. Yalianzishwa na D. D. Palmer katika mji wa Davenport, Marekani, mwaka 1895. Tabibu wake husukuma na kunyosha pingili kwa mikono, na huenda mgongo ukalia, watazamaji wakastaajabu. Sisi hatuyadharau. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliihesabu tiba hiyo ya kusukuma pingili miongoni mwa zile ziwezazo kutolewa kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu, pamoja na mazoezi na mafundisho. Lakini kiuno sicho mgongo wa kati. Kwa kisahani kilichotokeza nyuma ya kifua ushahidi ni haba mno, nao watokana zaidi na habari za wagonjwa wachache. Tena shirika hilo hilo, katika mwongozo wake wa mwaka 2005, lilionya kwamba haifai kusukuma kwa nguvu pale kisahani kilichotokeza kinapofuatana na dalili za mishipa ya fahamu zinazozidi.

Tena kwetu iko sababu nyingine ya kutahadhari, ambayo tajiri wa Marekani haioni mara nyingi. Kifua kikuu hakikai kifuani tu. Huingia pia katika pingili, na hupenda sana zile za mgongo wa kati. Daktari Percivall Pott wa Uingereza aliyaeleza maradhi hayo mwaka 1779. Mgonjwa huweza kuyapata bila kukohoa hata kidogo. Huumwa mgongo, hukonda, huwa na homa na jasho la usiku, na baadaye huota kibiongo. Pingili iliyokwisha kuliwa hivyo ikisukumwa, iwe na tabibu mwenye shahada au na mkandaji wa kijijini, yaweza kuvunjika na kumwacha mtu amepooza. Na dawa za kifua kikuu hutolewa bure nchini mwetu! Ni msiba ulioje mtu kulipa fedha ili apooze, na dawa yake iko zahanati bila malipo.

Basi kanuni iwe hii: kipimo kwanza, mkono baadaye. Mgonjwa aanzie kituo cha afya. Ikihitajika apelekwe hospitali ya wilaya Lushoto, kisha Bombo huko Tanga, KCMC Moshi, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliyoundwa mwaka 1996. Asiogope kisu, kwani wengi wasio na dalili za hatari hupata nafuu kwa dawa za maumivu, kutembea, na mazoezi yanayoongozwa na mtaalamu.

Lakini tiba peke yake haitoshi. Hatusemi kwamba kila kisahani kilichotokeza kimeletwa na gunia, maana umri na uchakavu navyo vimo. Hata hivyo, nani atakana kwamba mzigo mkubwa waudhuru mgongo? Sheria yetu ya vipimo yakataza gunia la mazao kupita kilo 100, na bado lumbesa yaonekana. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 lataja kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo wa mwanamume mzima. Hivyo hata gunia la halali ni karibu mara mbili ya kikomo hicho! Lumbesa humwibia mkulima kwa mzani, na humwibia mchukuzi kwa uti wa mgongo.

Watu wa Usambara hawahitaji kufundishwa kwamba mgongo ni jambo la siasa. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha, kuanzia Mlalo, kulima matuta kwa jembe la mkono katika miteremko mikali. Walikataa, na mpango ule ukaanguka kabla ya Uhuru. Waliokataa kuvunjwa mgongo na mkoloni hawastahili kuvunjwa na mchuuzi.

Kwa hiyo twatoa mwito kwa matawi ya Chama, vyama vya ushirika na vyama vya wafanyakazi: dai gunia la kilo 50, na simamieni mizani sokoni. Mchukuzi alipwaye kwa gunia, leo na huyu na kesho na yule, hana mwajiri wa kumwendea akiumia. Basi sisi ndio tuwe watetezi wake. Mzigo wake usiwe kwetu kanda la usufi.