Mshtuko: Kinga ya Mwili Isiyongoja Akili

Mshtuko ni mwitikio wa mwili kwa sauti au kitu kinachozuka ghafla. Ndio unaomfanya mtu mmoja atupe pedi katikati ya gemu ya kutisha huku mwenzake akiendelea kucheza kwa raha. Sauti ikipasuka, habari hukimbia kutoka sikioni hadi shina la ubongo, na amri hushuka kwenye misuli bila kupitia sehemu zinazofikiri. Macho hufumba kwanza, ndani ya milisekunde 30 hadi 50. Kisha shingo hukaza, mabega hupanda na kiwiliwili huinama. Moyo kwenda mbio na jasho la viganja hufuata baadaye. Akili inapotambua kwamba ni picha tu ya kwenye skrini, mwili umekwisha kuruka.

Charles Darwin alilijaribu jambo hili mwenyewe kabla gemu hazijakuwapo. Katika bustani ya wanyama ya London alisogeza uso karibu na kioo kinene, upande wa pili akiwapo kifutu, nyoka mnene anayepatikana pia katika mbuga na mashamba ya Mkoa wa Mara, Tanzania. Alikuwa ameazimia kutorudi nyuma. Nyoka aliporusha kichwa, Darwin alijikuta ameruka nyuma kwa kasi iliyomshangaza, ingawa hakuwa amewahi kuonja hatari ya aina hiyo. Alikieleza kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia. Anayeruka mbele ya skrini, basi, hana sababu ya kuitwa mwoga.

Ukubwa wa mshtuko hutofautiana baina ya watu. Amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayoshughulikia hofu, huweza kuukuza. Aliyepitia tukio baya, au aliye na wasiwasi tangu mwanzo, huruka juu zaidi. Giza nalo huongeza: binadamu hushtuka zaidi gizani, ilhali panya, ambaye ni mnyama wa usiku, hushtuka zaidi kwenye mwanga mkali.

Wilayani Bunda, mkoani Mara, katika vijiji vinavyopakana na Pori la Akiba la Grumeti kama Hunyari na Mariwanda, faida ya mwitikio huu ni dhahiri. Mkulima anayelinda mahindi usiku akiwa juu ya dungu hutega sikio kusikiliza tembo. Bua likivunjika, tayari yuko macho na tochi mkononi. Kuchelewa kushtuka kunaweza kumgharimu shamba, au uhai.

Watunzi wa gemu huchokoza mfumo huohuo. Hutanguliza giza na ukimya ili wasiwasi upande, ndipo waachilie kishindo. Katika Resident Evil, gemu ya Kijapani iliyotoka mwaka 1996, mchezaji anapita kwenye ukumbi mwembamba uliotulia, mara mbwa wanavunja madirisha na kumrukia. Raha huja mwili unapotulia baada ya hapo. Ambaye wasiwasi wake haushuki kati ya kishindo kimoja na kingine huambulia uchovu tu.

Tembo naye hukimbizwa na sauti tupu. Kaskazini mwa Kenya, mtafiti Lucy King na wenzake waliwachezea tembo sauti iliyorekodiwa ya nyuki waliochokozwa. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007, familia 16 kati ya 17 ziliondoka ndani ya sekunde 80, na hapakuwa na nyuki hata mmoja. Ugunduzi huo ulizaa uzio wa mizinga ya nyuki, unaotumika sasa kulinda mashamba.

Mshtuko hupungua kishindo kilekile kikirudiwa, na ndiyo maana gemu ya kutisha hubadilisha mbinu kila mara. Kupunguza sauti huudhoofisha kwenye chanzo chake, na kuwasha taa huondoa nyongeza inayoletwa na giza. Mapumziko mafupi huupa moyo nafasi ya kurudi kwenye mwendo wake wa kawaida kabla ya mlango mwingine kufunguliwa.