‘Distaff’: Kijiti kilichogeuka ukoo

Neno la Kiingereza ‘distaff’ ni adimu siku hizi, na mfasiri asiye makini huponzwa nalo. Asili yake ni kijiti ambacho msokota uzi huviringia sufu au kitani kabla ya kuvisokota. Si kile kinachozunguka kikikunja uzi. Hicho ni ‘spindle’.

Kwa kuwa kazi ya kusokota huko Uingereza ilikuwa ya wanawake, kijiti hicho kiliishia kumwakilisha mwanamke mwenyewe. Ndipo ukazuka usemi ‘distaff side’, yaani ukoo wa upande wa mama, mkabala wa ‘spear side’, upande wa mkuki. Fikira hii ni kongwe: wosia wa Mfalme Alfred, aliyefariki mwaka wa 899, ulitenganisha upande wa mkuki na ule wa usokotaji. Nchini Marekani nako, Breeders’ Cup Distaff, iliyoanza 1984, ni mbio za farasi wa kike.

Je, tutafsirije? Ukiandika ‘upande wa kijiti’, utamwacha msomaji njia panda. Kiswahili kina ‘kukeni’ na ‘kuumeni’, tena tangu jadi. Hebu tazama: ‘uncle on the distaff side’ ni mjomba, basi! Wa kuumeni ni ami. Kiingereza kinahitaji maneno matano pale tunapotosheka na moja.

Ajabu ni kwamba wengi wetu sasa tunawaita wote wawili ‘anko’, tukiitupa tofauti ambayo Waingereza walilazimika kuitafutia kijiti.