Anayesaga Meno Usiku si Minyoo

Wiki haipiti bila swali hili. Safari hii lilikuja na mama muuza mchele wa soko la Tandale, kamshika mkono mwanawe wa miaka sita, na mkobani ana maganda matatu ya vidonge vya minyoo.

"Daktari, huyu anasaga meno usiku mpaka wapangaji wa chumba cha pili wanagonga ukuta. Dawa nimempa mara tatu na haachi. Nimpe ipi iliyo kali zaidi?"

Sikumjibu. Nilimwambia aweke vidole vyake mwenyewe mashavuni, karibu na pembe ya taya, aume meno. Kitu kigumu kikatuna chini ya vidole. Huo ni msuli unaoshuka kutoka mfupa wa shavu hadi pembe ya taya. Apandishe vidole kwenye panja, aume tena: mwingine, mpana kama upepeo. Misuli mikuu ya kutafuna ni minne kila upande. Miwili imejificha kwa ndani, na mmoja wao huvuta taya mbele ili kinywa kifunguke. Mwisho, vidole mbele ya masikio, afungue na kufunga. Pale kichwa cha mfupa wa taya kinazunguka kwanza, kisha kinateleza mbele, kati yake na fuvu kuna kisahani cha gegedu. Misuli yote hiyo inapokea amri kwa neva ya tano kati ya jozi 12 zinazotoka kichwani. Neva hiyo haina tawi linaloshuka tumboni. Sasa mama, mnyoo aliye utumboni anaushikaje usukani?

Utetezi ninaujua, nimeusikia hadi kwa watu wenye shahada. Kwamba minyoo hupanda kooni. Ni kweli, vijana wa minyoo mikubwa ya mviringo hupita mapafuni, hufika kooni, humezwa na kurudi tumboni. Wanapita tu, hawaning'inii tayani. Kwamba vile viminyoo vyeupe kama uzi humwasha mtoto usiku. Kweli pia, hutaga mayai pembeni mwa njia ya haja kubwa, na mtoto hukosa usingizi mzuri. Lakini huyo utamwona anajikuna, na hiyo ndiyo dalili ya kutibu. Kusaga meno hakujawa kipimo cha minyoo katika maabara yoyote. Minyoo hupimwa kwa choo, au kwa kutazama panapowasha.

Halafu kuna ule ushahidi mkuu wa mtaani: "Wa kwangu nilimpa, akaacha." Angeacha hata ungempa uji. Kusaga huja na kuondoka kwenyewe, wiki hii kelele, wiki ijayo kimya, na watoto wengi huacha kabisa wanapokua. Dawa inanunuliwa usiku ambao kelele imezidi, kwa hiyo kinachofuata mara nyingi ni nafuu. Jogoo naye hudhani ndiye anayeleta asubuhi.

Sisemi Tandale haina minyoo. Mto Ng'ombe ukifurika na uchafu wa vyoo ukaingia uani, minyoo imepata njia. Mtibu mtoto kwa ratiba ya kituo cha afya, kwa sababu minyoo ya safura inanyonya damu. Ila kusaga ni kazi ya ubongo uliolala: usingizi unapungua kina kwa sekunde chache, moyo unaenda mbio kidogo, misuli ya kutafuna inajikaza.

Kinachoniudhi hasa ni muda unaopotea. Nilimuuliza mama kama mtoto anakoroma. "Kama babu yake." Nikamulika koo: mafindofindo makubwa, yanakaribia kugusana. Mtoto anahangaika kuvuta pumzi kila usiku, na watoto wa namna hiyo mara nyingi husaga pia. Alihitaji daktari wa masikio, pua na koo tangu ganda la kwanza.

Mengine haraka, foleni ni ndefu. Mtoto asiyekoroma, meno hayaliki, hayamuumi: mwache. Mtu mzima anayeamka taya limechoka: punguza pombe, sigara na kahawa ya jioni, mchana, kama huli, meno ya juu na ya chini yasigusane, wiki mbili acha bigijii, miwa na mahindi ya kuchoma, kitambaa cha maji ya moto mashavuni. Meno yakianza kulika, daktari wa meno atakutengenezea kifuniko cha plastiki cha kulalia. Hakizuii kusaga, kinaokoa meno. Taya linaloalika bila maumivu na kinywa kinapokea vidole vitatu, usiligombeze. Gego zima lising'olewe kwa maumivu ya mbele ya sikio. Neva ni ileile, ndiyo maana jino husingiziwa. Taya likiganda wazi baada ya mwayo, nenda hospitali usiku huohuo, na asikupige kofi mtu.

Na ukinijia na mtoto anayesaga, usiniletee maganda ya dawa. Mrekodi kwa simu akiwa amelala, sauti na kifua vionekane. Dakika mbili zinanitosha.