Tumbo Linapozoea Chakula cha Mimea: Mambo ya Kuwaeleza Wanakaya Mapema



Miradi mingi ya lishe tunayoiendesha pamoja na parokia ina lengo moja: kaya zile zaidi maharage, kunde, mboga za majani na dona, na zipunguze sembe na vyakula vya kukaanga. Mbegu hugawiwa, bustani hulimwa, mavuno hupatikana. Lakini wiki za mwanzo malalamiko huanza: tumbo linajaa, linaunguruma, na hewa inatoka hata katikati ya ibada. Mtu ambaye hakuelezwa mapema huona kwamba chakula hicho hakimfai. Hurudia mlo wa zamani, na mboga za bustani huishia sokoni. Kwa sababu hiyo tunaziomba kamati ziwaandae watu kabla, siyo baada ya wao kukata tamaa.

Kinachotokea tumboni

Vyakula vya mimea vina nyuzinyuzi, ambazo wataalamu wa lishe huziita pia makapi-mlo. Maharage na jamaa zake yana vilevile aina za sukari ambazo utumbo mwembamba wa binadamu hauwezi kuzimeng'enya. Vitu hivi hufika kwenye utumbo mpana vikiwa bado vizima, na huko bakteria huvila. Kazi hiyo hutoa gesi, na pia hutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Kwa hiyo gesi peke yake si dalili ya ugonjwa.

Bakteria wa tumboni hubadilika kufuatana na chakula. Kwa watu wengi usumbufu hupungua baada ya wiki chache, mradi waendelee kula kwa kiasi. Choo nacho hubadilika: huwa kingi zaidi na laini. Lakini anayeongeza nyuzinyuzi bila kunywa maji ya kutosha anaweza kupata choo kigumu.

Si jambo geni kwetu

Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda hadi miaka ya 1960, ni mmoja wa waliouamsha ulimwengu kuhusu nyuzinyuzi. Mwaka 1972 yeye na wenzake walionyesha kwamba wanavijiji wa Afrika waliokula vyakula visivyokobolewa walipata choo kingi zaidi, na chakula kilipita mwilini mwao haraka kuliko kwa watu wa Uingereza.

Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa wanaume 77 kutoka Kilimanjaro. Baadhi yao walibadilishiwa mlo kwa wiki mbili tu. Waliotoka kwenye vyakula vya asili kwenda vya kizungu waliongezeka dalili za uvimbe mwilini. Kwa waliorudi kwenye vyakula vya asili, dalili hizo zilipungua. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linashauri kila mtu kuanzia miaka 10 apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi na gramu 400 za mboga na matunda kwa siku.

Mambo ya kufundisha kwenye vikundi

1. Anzeni kidogo. Vijiko vichache vya maharage kwa siku, kisha ongezeni kila wiki. Dona ichanganywe na sembe kwanza.
2. Lowekeni maharage usiku kucha, mwageni maji hayo, pikeni kwa maji mapya. Gesi hupungua, na kuni pia.
3. Maharage mekundu yachemke sana kwa dakika 10 au zaidi, kisha yaendelee kupikwa hadi yaive kabisa. Yasipoiva yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha.
4. Kunyweni maji safi na salama siku nzima.
5. Osheni vizuri mboga na matunda yanayoliwa mabichi.
6. Chai isinywewe pamoja na mlo, kwani huzuia madini ya chuma. Chungwa au limau husaidia madini hayo kuingia mwilini.

Tahadhari

Si kila tatizo la tumbo lisingiziwe mboga. Damu kwenye choo, homa, kutapika, maumivu makali, kuharisha kusikokoma au kupungua uzito bila sababu ni mambo ya kupelekwa zahanati bila kuchelewa.

Watoto wadogo wana matumbo madogo. Wakijazwa mboga na uji mwepesi hushiba kabla ya kupata nguvu ya kutosha. Wao, na mama wajawazito, waendelee kupata mayai, maziwa au dagaa kila inapowezekana. Vitamini B12, inayohitajika kutengeneza damu, haipatikani kwenye mboga wala maharage.

Ombi letu

Kwa kamati za parokia: tengeni nusu saa ya somo hili siku ya kugawa mbegu, na baada ya wiki tatu watembeleeni wanakikundi mkawaulize wazi matumbo yao yanaendeleaje. Kwa wafadhili wetu: msiulize tu bustani ngapi zimelimwa. Ulizeni pia kaya ngapi bado zinakula mavuno yake baada ya miezi mitatu, na mtusaidie kugharimia ziara hizo za ufuatiliaji. Bustani isiyofika kwenye sahani ya mtoto haijamaliza kazi yake.